Nimetolewa kizazi, watu wananiambia nishukuru, nami kila siku nalia

Shangazi, assalamu alaikum.

Mimi ni mama wa wasichana wawili, umri wangu ni miaka 41, naishi Majengo hapa Mombasa. Kwa miaka kadhaa nimeteseka na uvimbe kwenye kizazi, huu wanaouita faibroidi. Hedhi ilikuwa haina mwisho, nimewahi hata kuongezwa damu. Nilikuwa sitoki nyumbani bila leso ya ziada mkobani, na kwenye harusi za watu nilitafuta kiti cha pembeni karibu na choo. Mwezi wa Rajabu daktari akasema hapana budi kizazi kitolewe. Nikatia sahihi. Siku ya kuruhusiwa niliuliza nimetolewa nini hasa, nikaambiwa, "Mama, tumesafisha vyote, sasa utapumzika." Nikashukuru nikaenda zangu.

Kidonda kimepona, sina malalamiko. Tatizo ni mimi mwenyewe. Ramadhani iliyopita nilifunga mwezi mzima bila kukosa hata siku moja, jambo ambalo halijanitokea tangu nivunje ungo. Wifi yangu akanipa hongera: "Huna tena kadha ya kulipa, wenzako tunakuonea wivu." Nilicheka naye, kisha nikaingia chooni, nikafungulia mfereji ili nisisikike nikilia.

Kazi yangu ni mahamri na mbaazi za asubuhi, na mtaani najulikana kwa hayo. Siku hizi nakanda unga usiku, alfajiri naukuta umeumuka mpaka umefurika beseni, nami nimekaa kwenye kigoda nautazama tu. Mteja akibisha namwambia leo hakuna. Kuna siku hata kukanda sikandi. Chakula hakinipiti. Mchana nalala, usiku nakesha. Na huo usiku napandwa na joto kuanzia kifuani mpaka usoni, nalowa jasho hadi nabadilisha dera. Mume wangu anasema ni joto la Mombasa.

Juzi binti yangu mkubwa aliniomba pedi. Nilikuwa na paketi kabatini tangu kabla ya upasuaji, sikuwa na moyo wa kuitoa. Nilimpa bila kumtazama usoni, na siku ile nzima sikuweza kusema na mtu.

Mume wangu anafanya kazi bandarini, shifti za usiku. Zamani tulikuwa watu wa maneno mengi. Sasa akirudi hulala sebuleni, anasema hataki kuniamsha. Hajanigusa tangu nitoke hospitali, na mimi sijamkaribia. Mavyaa alipokuja kunitazama alisema, tena kwa huruma, "Basi mwanangu, hapo ndiyo mlango umefungwa." Alikuwa akingoja mjukuu wa kiume. Tangu siku hiyo, nikimwona mume wangu ameinamia simu, nahisi anatafuta mke wa pili.

Mama yangu mzazi anasema ni jini. Nilipelekwa kwa mwalimu nikapewa kombe, yale maji ya aya za Qurani, nikanywa, sikuona tofauti. Kila ninayemgusia ananiambia nishukuru, nina watoto wawili na wenzangu hawana hata mmoja. Najua, Shangazi, na ndiyo maana naona haya. Sasa tuko Mfunguo Tatu na hali ni ile ile. Kuna usiku natamani nilale nisiamke. Je, imani yangu imepungua, au ndiyo naingia wazimu?

Tumbo Tupu, Majengo

*

Wa alaikum salaam, mwanangu.

Imani yako haijapungua, wala huingii wazimu. Lakini kabla ya mengine, umesema kuna usiku unatamani ulale usiamke, na hilo sitalipita. Nakuuliza waziwazi: umewahi kufikiria njia ya kujidhuru? Kama umefikiria, achana na barua hii kwanza. Mwite mtu unayemwamini akae nawe, kisha mwende kitengo cha dharura cha hospitali ya Coast General, usiku au mchana, mseme maneno hayo hayo uliyoniandikia. Simu ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo, na anayepokea amezoea kusikiliza watu walio katika hali kama yako. Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Kuwaza kifo hakujawahi kuwa kosa, na hata kile kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichokuwa kikimwadhibu aliyejaribu kujiua, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo sema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe umelipita mbio. Joto kutoka kifuani hadi usoni, jasho mpaka unabadilisha dera. Joto gani la Mombasa hilo, Mfunguo Tatu, kusi inavuma na watu wanalala na shuka? Mume wako hakukusudia ubaya, ila hapo hakuona.

Na lile neno "tumesafisha vyote" ndilo linalonikera katika barua yako nzima. Vyote vipi? Kizazi ni kitu kimoja. Kando yake kuna mifuko miwili ya mayai, ovari, na hizo ndizo zinazotoa estrojeni, homoni inayogusa usingizi, joto la mwili, mifupa, na hata hali ya moyo wako. Mtu anaweza kutolewa kizazi ovari zikabaki. Hedhi inakatika lakini homoni zinaendelea. Anaweza pia kutolewa vyote pamoja. Huyo wa pili hakomi hedhi kama mama zetu walivyokoma, polepole, kwa miaka, wakikaribia 50. Wao walishuka ngazi. Yeye amesukumwa kutoka darini. Jasho la usiku, kukosa usingizi, machozi yasiyo na sababu, ukavu sehemu za siri: yote humjia kwa mpigo. Nisiwe mwongo, hata ovari zikiachwa zinaweza kulegea mapema kuliko kawaida, kwa hiyo dalili zako zinatosha kukupeleka kliniki vyovyote iwavyo. Lakini lazima ujue ulitolewa nini. Ni mwili wako na ni haki yako.

Itafute ile karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Imeandikwa Kiingereza na kwa herufi za mkato, usitishike. TAH maana yake kizazi kimetolewa kupitia tumboni. Ukiona BSO mbele yake, basi ovari zote mbili zimekwenda pamoja na mirija. Kama karatasi imepotea, rudi hospitali uliyopasuliwa, ofisi ya rekodi, uombe nakala. Omba pia majibu ya maabara ya ile nyama iliyotolewa. Aliyekupasua alipaswa kukukalisha kitako akueleze haya kabla hujatia sahihi, na hilo la kusema "mama, utapumzika" huku ameshika mlango lina watu wengi mjini humu.

Kama ovari hazipo, muulize daktari wa wanawake kuhusu kurudishiwa estrojeni. Iko ya vidonge, ya kibandiko cha ngozi na ya kupaka. Kwa umri wako madaktari kwa kawaida hushauri mwanamke aitumie angalau mpaka ule umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, kwa sababu kuikosa mapema kunadhoofisha mifupa na moyo. Tena, aliyetolewa kizazi kwa kawaida hahitaji kuongezewa projesteroni, ambayo wenye kizazi hupewa ili kukilinda. Si dawa ya kila mtu: mwambie kama umewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, au maradhi ya ini. Usiinunue dukani kwa kusikia kutoka kwangu.

Papo hapo waambie wapime damu. Mtu aliyetokwa na damu kwa miaka hadi akaongezwa anaweza kuwa bado ana upungufu, na upungufu wa damu peke yake unatosha kumkalisha mtu kwenye kigoda akitazama unga ukifurika. Hemoglobini ya mwanamke asiye na mimba ikiwa chini ya 12, anahesabika ana upungufu. Wapime na tezi ya shingo, maana nayo ikilegea hulegeza kila kitu.

Baada ya hayo ndiyo tuzungumze juu ya moyo.

Huku kwetu mwanamke akizaa, nyumba nzima inamzunguka. Siku arubaini haingii jikoni. Analetewa uji wa pilipili manga, anakandwa, anafungwa tumbo kwa leso, majirani wanaingia na vyombo wanatoka na habari. Wewe umepasuliwa tumbo, kitu kimetoka, lakini hapana mtoto wa kuoneshwa, basi hapana aliyekuja na uji. Nina hakika kuna mtu alikuuliza mahamri yataanza lini kabla hata hujaweza kuinama. Msiba wako haukuwa na matanga. Ulitiwa sahihi, ukafungwa bendeji, ukaambiwa ushukuru.

Kushukuru na kulia havigombani. Kuwa na watoto wawili hakukuharamishii kumlilia wa tatu uliyekuwa ukimtarajia, wala kuulilia mwili uliouzoea tangu uvunje ungo. Nabii Yaakub alikuwa na watoto wengine nyumbani, na bado alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni. Qurani inatueleza hivyo na haikumwita asiye na shukrani. Alisema tu kwamba anamshitakia Mungu huzuni yake. Ukiwa msalani na mfereji umefunguliwa, uko pamoja na Nabii, hauko pamoja na makafiri. Wifi yako naye usimchukie. Wapo wanawake wengi ambao baada ya kuondokana na damu ya miaka hupata raha ya kweli, na yeye anadhani wewe ni mmoja wao. Wanaoelemewa zaidi ni waliokuwa bado wanataka kuzaa, waliotolewa ovari wakiwa bado vijana, na waliowahi kuwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, kabla ya hapo. Jitazame uko wapi.

Lakini sikia na hili, kwa sababu sitaki ufiche ugonjwa nyuma ya msiba. Huzuni huja na kwenda: leo unalia, kesho jirani akikuchekesha unacheka kweli. Sonona haiendi. Ikikaa zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, hamu ya kila kitu imekatika, usingizi umegeuka, chakula hakipiti, na mawazo ya kufa yanachungulia, huo ni ugonjwa wenye tiba. Wewe umetoka Rajabu mpaka leo. Kliniki watakuuliza maswali kama tisa hivi kuhusu wiki mbili zilizopita. Jibu kweli, usijibu kama mgeni anayekataa chai.

Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu, au dawa, au vyote viwili. Dawa wanazoanza nazo mara nyingi, kama fluoksetini, si zile za kulevya wala za kukugeuza zezeta. Zina subira yake: usitegemee kitu wiki ya kwanza, wengine huona nafuu baada ya wiki tatu au nne au zaidi. Na ukipata nafuu usiziache ghafla. Huendelea kwa miezi, kisha daktari anapunguza. Coast General wana kliniki ya afya ya akili. Hospitali ya Port Reitz pia wapo. Najua jina hilo linavyotajwa vijiweni kwa mzaha. Wacheke. Anayekaa pale kwenye benchi akisubiri zamu yake ana akili kuliko anayemcheka.

Kuhusu kombe, mama yako ni mama, alikutafutia alichokijua. Dua na kisomo siwezi kukukataza, na mimi mwenyewe nasoma. Ninachokataa ni mtu kukwambia uache dawa za hospitali, au kukupa mizizi ya kunywa ambayo wewe na daktari wako hamjui ni nini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituambia tujitibu. Mwalimu mzuri hakuzuii kwenda kliniki. Akikuzuia, badilisha mwalimu.

Sasa mume.

Mwanangu, huyu mwanamume umeshamuoza wewe mwenyewe kichwani mwako, na mahari umelipa. Ulichokiona kwa macho ni mtu anayelala sebuleni na kusema hataki kukuamsha. Mimi nimesikia wanaume wengi katika umri huu wangu, na wengi wao mke akipasuliwa hushikwa na woga: anaogopa atakuumiza, anaogopa kidonda kitafunguka, anadhani ndani kumebaki shimo. Hakuna shimo. Matumbo hujisogeza yakajaza nafasi. Njia yenyewe iko pale pale, imeshonwa kwa juu tu. Kwa kawaida, baada ya wiki sita hadi nane, daktari akishakagua na kuridhika, mke na mume wanaweza kurudiana kitandani. Kukiwa na ukavu, kuna vilainishi vya duka la dawa na kuna krimu ya estrojeni ya kupaka kwa cheti cha daktari. Mafuta ya nazi wengi wetu tunayajua, ila hayachanganywi na kondomu ya mpira. Ukisikia maumivu au ukiona damu, simamisha, urudi kliniki.

Mwambie. Si kitandani, na si akiwa ametoka shifti macho mekundu. Siku yake ya mapumziko, jioni, mwende Lighthouse pale Mama Ngina, mnunue mihogo ya pilipili na ndimu, mkae mkitazama meli zinavyoingia Kilindini. Watu wanaokaa ubavu kwa ubavu husema mambo ambayo uso kwa uso hayatoki. Anza na lako: "Tangu nitolewe kizazi siko sawa, na ninaogopa umenichoka." Halafu nyamaza. Nyamaza kweli, hata kimya kikiuma, umwachie nafasi. Kisha mwombe aje nawe kliniki, asikie kwa daktari mwenyewe. Kama kweli ana nia ya kuoa, hilo ni shauri jingine na utaniandikia tena, lakini lisikie kwake, usilisome kwenye mwanga wa simu.

Mavyaa mwachie mwanawe amjibu. Wewe huna deni la mjukuu. Jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba, kwa hiyo lile la mjukuu wa kiume halijawahi kuwa kesi yako hata siku kizazi kilipokuwapo.

Mahamri: usirudi kwenye beseni zima. Kanda kibaba kimoja, uyachome saa ile ile kila siku, ya nyumbani na ya jirani mmoja, basi. Usingoje hamu, kwenye sonona hamu huja nyuma ya kazi, haitangulii, na hata wataalamu huwaanzisha wagonjwa wao hivyo hivyo, na jambo dogo lenye saa yake. Usingizi wa mchana upunguze, na kahawa ya jioni uiache.

Limebaki la binti yako. Uliponyamaza siku nzima baada ya ile pedi, ujue yeye alidhani amekosa. Mwite mwambie kilichokupata, kwa maneno mepesi, na kwamba kosa si lake. Kisha mfundishe jambo ambalo wewe hakuna aliyekufundisha: faibroidi hutembea katika familia, na wanawake weusi huzipata zaidi na mapema zaidi. Damu inayopita siku saba, au inayolowesha pedi kila saa, au yenye mabonge makubwa, haivumiliwi kwa leso ya ziada mkobani. Inapelekwa hospitali mapema, wakati bado kuna dawa za kupunguza damu, na wakati uvimbe wenyewe unaweza kuondolewa kizazi kikabaki. Mweleze hivyo yeye na mdogo wake, na kila mmoja aandike tarehe za hedhi yake kwenye kalenda.

Shangazi